Tazama Juzuu la Kwanza

Kitabu nilikikuta soko la mitumba, kwenye turubai la muuza vitabu, kati ya biblia zilizopoteza majalada na vitabu vya hesabu vya darasa la tano. Kilikuwa kikubwa kama tofali: kamusi ya sanaa za mapigano za Kichina pamoja na mila zinazoambatana nazo. Mitindo ya ngumi, silaha, namna mwanafunzi anavyomsalimia mwalimu, namna chai inavyomiminwa. Mgongoni kiliandikwa namba mbili: juzuu la pili.

"La kwanza liko wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"La kwanza liko China, bosi. Nenda kalichukue, mimi nakulindia hili."

Watu wakacheka. Nilikinunua, lakini nilirudi nyumbani nimenuna. Sipendi kitu pungufu. Nikikosea herufi moja kwenye daftari nachana ukurasa mzima na kuanza upya. Nilianza kukitafsiri kitabu kile kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa msaada wa kamusi ya shule. Vichwa niliviandika kwa kalamu nyekundu, maelezo kwa bluu. Asubuhi nilisimama uani nimekunja magoti nusu, kama mchoro ulivyoonyesha, mpaka mapaja yakatetemeka.

Baba alikuwa akipita na jembe begani.

"Babu zetu Wangoni walipigana na mtu anayeonekana," alisema. "Wewe mwenzetu unapigana na upepo. Na bado unashindwa."

Lakini ni yeye aliyekuwa akiwaambia wageni kwamba kijana wake anasoma Kichina. Hakikuwa Kichina, kilikuwa Kiingereza. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hakuna aliyeyataja tena pale nyumbani, na ile sifa niliihitaji.

Sehemu niliyoipenda zaidi ilihusu tiba. Zamani mwalimu wa ngumi ndiye aliyeunga mifupa ya wanafunzi wake na kukanda misuli yao. Kulikuwa na michoro ya miguu yenye mishale: bonyeza hapa, sukuma kuelekea juu. Kila penye jambo la hatari kitabu kilisema: tazama juzuu la kwanza, sura ya makatazo. Niliyanakili maneno hayo kwa uaminifu, kisha chini yake nikaacha mistari mitatu mitupu, nijaze nikilipata. Daftari langu lilijaa nafasi hizo. Nilizionea fahari, maana zilionyesha kwamba mimi siruki kitu.

Baba alikwenda Tunduru kwenye msiba wa binamu yake. Wakati wa kurudi basi liliharibika njiani, mvua ikinyesha, abiria wakakaa vitini kutwa nzima. Siku mbili baadaye shavu la mguu wake wa kushoto lilivimba, likawa la moto.

"Twende hospitali," mama alisema.

"Hospitali kwa ajili ya uchovu? Mchina wangu yupo."

Nilifungua daftari. Uvimbe wa mguu mmoja, wenye joto: tazama juzuu la kwanza. Kisha mistari yangu mitatu. Niliisoma. Lazima niseme hivyo, kwa sababu kwa muda mrefu nimejidanganya kwamba sikuiona. Simu ilikuwa mfukoni na ningeweza kuiuliza, lakini niliona mtu mwenye kitabu kama kile hahangaiki na simu. Nikageuza ukurasa hadi kwenye mguu uliochoka, wenye mishale mingi, nikapaka mafuta ya alizeti viganjani.

Nilimkanda siku tatu. Nilifuata kila mshale, idadi ileile, mkono uleule. Siku ya tatu uvimbe ulipungua, akanipiga begani. "Nimeamini," alisema. Hakuwahi kuniambia neno hilo.

Jumapili asubuhi alikuwa akivaa viatu aende kanisani. Alisimama, akashika kifua, akasema pumzi haiji. Tulimfikisha hospitali akiwa amekwisha kufa.

Daktari alituambia damu iliganda mguuni, kipande kikakatika kikaenda kuziba mapafu. Akauliza kama mguu ulikuwa umekandwa.

"Ndiyo, daktari," mama alijibu upesi. "Kijana wangu huyu amemkanda vizuri sana. Kwa kitabu."

Daktari alinitazama, akainamia karatasi zake. Baadaye alinikuta peke yangu kwenye korido. "Huenda kingekatika tu," alisema. "Lakini mguu wa namna ile haukandwi. Usirudie."

Msiba wote mama aliwasimulia waombolezaji jinsi nilivyomhudumia baba yangu. Wanawake walinishika mikono, wakaniombea baraka. Niliinamisha kichwa, wao wakadhani ni huzuni peke yake.

Wiki kadhaa baada ya arobaini, jirani yetu, ambaye mimi humwita mama mdogo, alikuja uani anachechemea. Alikuwa ametoka kuugua, amelala kitandani siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia huku akinyoosha mguu mmoja kwenye mkeka. Ulikuwa umevimba. Niligusa. Ulikuwa wa moto.

"Mkande mama yako mdogo," mama alisema akichochea maharage. "Kama ulivyomkanda baba yako."

Niliingia ndani nikatoka na daftari. Nilimsomea mama kichwa chekundu, nikamsomea maneno ya bluu, nikamwonyesha mistari mitupu. Nikamwambia alichosema daktari kwenye korido. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, sijui kwa nini.

"Uliyaona maneno haya kabla?" mama aliuliza.

"Niliyaona."

Aliweka mwiko juu ya kifuniko. Akachukua kanga yake kwenye kamba, akamshika jirani kwapani, akamwinua.

"Tunakwenda hospitali," alimwambia. Kisha kwangu, bila kugeuka: "Angalia maharage yasiungue."

Niliyaangalia. Niliongeza maji kidogo kidogo, nikakoroga, nikaongeza tena, mpaka waliporudi jioni yakiwa yamekuwa uji ambao hakuna aliyeula.