Kuku ya koko na neno «didactic»

Jana binti yangu alifungua kaye yake ya masomo mezani, akaniuliza: «Mama, didactic ni nini?» Mi nilisomaka kidogo, niliogopa kumudanganya. Nikamujibu: kitu yenye kusaidia kufundisha. Kisha nikasikia harufu ya kuku.

Unajua asubuhi za Butembo, rafiki: ukungu mpaka mulangoni, moshi ya maharagi, mikono inakufa baridi. Wakati nilikuwa mutoto, tuliishi kwa mutaa ya Kimemi kwa koko, mama ya mama yangu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, tulimuita Musié tu, alitumwa kutoka jimbo ya mbali, na Swahili yake ilikuwa inachechemea. Inspecteur, mukaguzi wa masomo, alipotangazwa, Musié aliandika kwa tableau, ubao ya darasa: didactic material. «Kesho kila mutu alete kitu ya nyumbani. Bila ile, somo ni zéro, na mi bananirudisha kwetu.»

Mi nilibeba kuku ya koko. Alikuwa analalia mayayi. Siwezi kusema sikujua. Nilifikiri tu saa moja haina neno.

Wenzangu balileta vijiko, jembe, ndizi. Musié alikuwa ameinua kuku yangu, inspecteur amekaa nyuma na bic yake ya kuandikia, mulango ikafunguka. Koko. Kwa kichwa, kitunga. Ndani, mayayi kumi yamefunikwa na kikwembe.

«Musié, unafundisha nini na kuku bila mayayi? Baridi hii itaua batoto yake!» Akaniona. «Na weye, mwizi wangu, tutaonana kwa nyumba.»

Darasa ilipasuka kwa kicheko. Musié angeweza kumufukuza. Alisema: «Karibu, mama. Weka hapa.»

Kuku akapanda ndani ya kitunga, akatandaza mabawa. Basi tukajifunza kwa Kiingereza: yai, chini, joto, kungoja. Inspecteur mwenyewe akasogea, akauliza imebaki siku ngapi.

«Siku ine,» koko akajibu, «kama batu ya masomo banatuacha na amani.»

Musié alipata cote nzuri, alama ya juu, akabaki. Lakini kwa haki niseme yote: sita tu yalitotoka. Yale ine mengine koko alinionyesha moja moja, bila kunipiga, na mi nilitamani fimbo.

Leo Musié sijui yuko wapi, koko yuko kaburini, na pale jiko yake ilikuwa, sasa banauzisha telefone. Nilimupa binti yangu maana, aliandika vizuri. Joto ya yale mayayi chini ya kikwembe, ile sikujua namna ya kumuandikisha.