Kikohozi cha Mkwe

Mradi ulikuja Tabora na Landrova mbili na maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia yakiwekwa pamoja: uzee wenye afya. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri kupangiwa kazi, nimepanga chumba Isevya kwa mama mmoja wa ukoo wa Kiomani aliyekuwa na duka la kanga. Walitaka mtu anayejua Kisukuma na anayeweza kukaa na wazee bila kuwaharakisha. Nikachukuliwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeomba.

Chuo chetu kilikuwa kimeingia ushirikiano na chuo kimoja cha ng'ambo. Wao walileta fedha, vipimo na profesa. Sisi tulileta daktari, wazee na mkalimani. Ndivyo daktari wetu alivyonieleza siku ya kwanza, akicheka, halafu akaacha kucheka akaniambia nipande gari.

Profesa alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kitabuni. Alimpa shikamoo kila aliyemkuta, watoto wakiwemo, nao walimwitikia marahaba bila haya. Alitaka kujua jambo moja tu. Watu wa njia ya zamani ya misafara, ambao baba zao walibeba pembe mabegani kutoka Tabora hadi pwani wakarudi na vitambaa, miguu ya watoto wao inazeekaje? Kwa swali hilo alipewa fedha, na kwa fedha hizo tulitafuta wazee wazima, wanaotembea wenyewe, wasio na ugonjwa. Mgonjwa hakuhesabiwa. Alisema mgonjwa angechafua matokeo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa mpagazi hasa. Aliishi mbele ya Ziba, kwenye tawi la njia lililokuwa likielekea ziwani, na alikuwa akienda gulioni na kurudi na tenga kichwani kabla jua halijawa kali. Nikampeleka profesa kwake bila kuona tatizo, maana alikuwa na kila walichokitafuta. Bibi aliinuka kigodani bila kushika kitu, akakaa, akainuka tena, akabana kile kipimo cha nguvu za mkono mpaka daktari wetu akaguna. Profesa alizunguka akimtazama miguu kutoka kila upande.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia, "mwambie huyo mrefu kwamba babu yako naye aliitazama hivyohivyo, lakini yeye alileta ng'ombe."

Sikutafsiri. Nilisema bibi anamkaribisha.

Baba yangu aliishi ng'ambo ya bonde. Mama, binti wa bibi, alikuwa amefariki mimi ningali mdogo, na baba alikuwa ameoa tena, lakini ukwe haufi na binti. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatajani majina. Mwanamume akikaribia mahali ambapo mkwe anaweza kuwapo, hukohoa tangu mbali, naye mama hujifunika, akajitoa njiani au akageuza uso mpaka apite. Baba alikoholea pale njia inapokunja. Kilikuwa kikohozi kimoja kikavu, nami nimekua nikikisikia kila siku kama watu wengine wanavyosikia jogoo.

Wenzangu wa chuoni walikuwa wakisema mambo hayo ni ya kizamani. Waseme. Mimi sijaona watu waliopendana kwa ukimya kama wale wawili. Mtama wa bibi ukiisha, asubuhi alikuta gunia mlangoni. Baba akiugua, mimi ndiye niliyebebeshwa kibuyu cha mtindi kutoka kwa bibi, na nilikatazwa kusema umetoka wapi, ingawa hapakuwa na mahali pengine ungeweza kutoka. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyemjua mwenzake sura.

Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Malori yalikuja, watu wakahama na mabati na kuku na milango yao, wakapewa viwanja kando ya barabara mpya iliyonyooshwa kwa kamba. Nyumba zipangwe safu mbili, milango itazame barabara. Bibi alipewa kiwanja. Baba alipewa cha kutazamana nacho.

Baba alikwenda kuomba abadilishiwe. Ofisa aliyekuwa akigawa viwanja alimsikiliza akiwa amesimama, akamwambia kwamba katika ujamaa hakuna mkwe, sote ni ndugu. Baba akaanza kujenga ua mbele ya mlango wake. Akaamriwa auvunje, kwa sababu ua unaharibu mstari. Akauvunja mwenyewe, akatumia miti ile kuni.

Profesa alipopata habari za kuhama aliandika kwao, na fedha zikaongezwa. Sasa swali lilikuwa kubwa zaidi: mzee aliyezoea njia yake akihamishwa, mwili wake unafanyaje? Daktari wetu alisema swali ni zuri ila lisiulizwe kwa sauti. Tukaenda tena Ziba.

Bibi hakuinuka. Alijaribu, akashika ukuta, magoti yakakataa. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda miguuni, na mama mdogo aliyekuwa akiishi naye alisema tangu wahamie bibi hatoki, hata bombani haendi, anashinda ndani mlango umerudishwa. Kila mtu alisema ni uzee. Profesa alisema ndivyo alivyotarajia, akaandika kwa muda mrefu. Nilimtazama akiandika na sikuhisi kitu. Wiki zile nilikuwa nimetafsiri magoti ya watu wengi.

Baba naye alikuwa kwenye orodha yao, maana umri wake ulitosha. Alikaa kwenye benchi, akaambiwa avute pumzi, akakohoa. Akaambiwa avute tena, akakohoa mpaka akainama. Daktari wetu alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba mzee huyu anatakiwa Tabora, hospitali, na mapema. Profesa alilikata jina lake kwa mstari.

Niliomba gari. Landrova moja ilikuwa inarudi mjini siku ileile, na haikuwa na mtu ndani ila dereva na maboksi. Profesa alivua miwani akaipangusa, akanieleza kwa upole kwamba fedha hizi zimetolewa kwa ajili ya wazee wenye afya, na kila safari ya gari inatolewa maelezo. Akianza kubeba wagonjwa, waliotoa fedha watauliza, na mwakani hakutakuwa na mradi. Nikamgeukia daktari wetu. Alikuwa anafunga mkoba wake, na aliendelea kuufunga hata ulipokuwa umeshafungwa. Mwisho akanipa chupa ya dawa ya kifua.

Nilikasirika, lakini hasira yenyewe ilikuwa mbali, kama redio ya jirani. Nilimpelekea baba dawa, nikamlaza, nikavuka barabara kwenda kukaa na bibi.

Alikuwa kigodani, nyuma ya mlango. Tuliongea habari za gulio. Ng'ambo baba akakohoa. Bibi alivuta kanga usoni, akasogeza kigoda ndani, akageukia ukuta, na akaendelea kunieleza bei ya samaki akiwa anautazama ukuta. Kisha akaanza kugeuka. Baba akakohoa tena. Bibi akarudi ukutani.

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimemwacha baba kitandani. Hakuwa anapita popote.

"Bibi, baba hapiti. Anaumwa," nikamwambia.

"Najua anaumwa."

"Sasa unamkimbia nani?"

Bibi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri anapoulizwa.

"Mke mwenzangu, cha ugonjwa na cha heshima vyote vinatoka kifua kimoja. Nitajuaje kipi ni kipi? Nikikosea nikatoka, nikamkuta mlangoni, uso wangu nitaupeleka wapi?"

Kwa hiyo alikuwa amekaa. Kila kikohozi alikipisha, na baba alikohoa tangu alfajiri hadi usiku, na miguu ya mtoto wa mpagazi ikafia kwenye kigoda hatua chache kutoka barabarani. Uzee ulisingiziwa.

Nilimwambia baba jioni ile. Watu wa nyumbani wamewahi kuniuliza kama najuta. Sijuti. Wale wawili hawakuwa na ruhusa ya kuulizana. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao tangu utotoni, na mdomo kazi yake ni kusema. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mimi ndiye niliyemfungia mama ndani," akasema.

Tangu siku ile kikohozi hakikusikika tena barabarani. Alfajiri baba alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mbugani nyuma ya ng'ombe, akakohoa huko. Akiwa ndani, alijaza pembe ya shuka mdomoni. Nilimkuta mara moja hivyo, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama, na mkono mmoja akinipungia nisiseme kitu. Nilimwambia twende Tabora kwa lori la pamba. Akasema pamba yenyewe kwanza itoke shamba.

Nilirudi mjini, nikapangiwa wazee wengine huko kwenye njia ya kwenda Kipalapala, nikawa nakwenda Ziba kila gari linapokwenda. Bibi, aliposikia kimya ng'ambo, alifungua mlango. Kwanza alikaa kizingitini. Kisha akafika kwa jirani akishika fimbo, kisha bombani. Tulipompima mara ya tatu aliinuka kigodani mwenyewe, akasimama katikati ya chumba akitazama kama kuna mwingine anayetaka kuona. Profesa alifurahi sana. Alimpa daktari wetu mkono, akasema ni maziwa ya unga ambayo mradi ulikuwa ukiwagawia wazee, na kwamba ushirikiano wa vyuo vyetu umeonyesha jambo kubwa. Maziwa yale bibi alikuwa akiyapeleka ng'ambo ya barabara, kwa mkono wa mama mdogo, na hakuna aliyeruhusiwa kusema yametoka wapi.

Nilijua bibi anatembea kwa pumzi ya baba. Nilijua huku nikitafsiri pongezi.

Pamba ilipotoka, baba alipanda lori. Nilimpokea Tabora, nikamfikisha hospitali, wakanieleza kwamba tumechelewa. Walinieleza vizuri, kwa subira, nikawashukuru. Alifariki wodini. Hata huko alikuwa akiziba mdomo kwa shuka, ingawa mkwe wake alikuwa mbali na hakuna aliyemkataza.

Tulimzika kijijini. Watani wa ukoo walikuja kama inavyopasa, wakamsema marehemu, wakadai amekufa kwa kukimbia kazi ya kijiji. Mmoja wao alivaa koti la baba na kofia yake, akainama, akatembea uani kwa ule mwendo wake, na akakohoa. Alikipatia. Kilikuwa kile cha zamani, kimoja, kikavu, cha pale njia inapokunja. Watu walicheka, hata mke wa baba akacheka huku analia.

Bibi alikuwa mkekani na wanawake. Alivuta kanga usoni, akainuka bila kushika kitu, akaingia ndani ya nyumba.

Kicheko kilikwisha chenyewe. Mtani akavua kofia, akawa ameishika tu. Mimi sikulia hata hapo. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya, na nilijua kwamba ikitoka itauma, kwa hiyo sikuitikisa.

Profesa alirudi mara ya mwisho kabla fedha hazijaisha. Safari hii alitaka wazee watembee barabara ya kijiji kutoka bombani mpaka ghalani, daktari wetu akiwa na saa ya kupimia. Nyumba ya baba ilikuwa imefungwa. Mke wake alikuwa amerudi kwa ndugu zake, na nyasi zilikuwa zimeanza mlangoni.

Bibi alikwenda vizuri, bila fimbo, mgongo umenyooka. Alipokaribia nyumba ile akasimama. Akakohoa, mara moja. Akashusha kanga usoni, akageukia upande wake wa barabara, akangoja.

Profesa alikuwa ameshatoa kalamu. Akaniuliza bibi anakohoa tangu lini, na nikajua anachofikiria, maana mstari wa kwanza nilishauona ukipigwa.

"Hakohoi," nikamwambia. "Ni mzima. Anampisha mkwe wake."

"Lakini mkwe wake si amefariki?"

"Amefariki."

Aliitazama nyumba, akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza hakuandika. Bibi alipoona ametoa muda wa kutosha kwa mtu kupita, alipandisha kanga, akaendelea na safari yake mpaka ghalani.

Daktari wetu aliuliza, macho yakiwa kwenye saa, kama muda ule wa kusimama nao uhesabiwe au uondolewe. Profesa alinigeukia mimi. Nilisema uhesabiwe wote, kisha nikalia palepale barabarani, mbele ya watu, mchana.