Kivinjari cha Mjukuu Wangu

Mwaka ule sukari iliadimika, Kariakoo tukanywa chai kwa tende. Kompyuta ya duka langu la khanga ina kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao. Ni cha bure, na mjukuu wangu wa kike ni mmoja wa wanaokitengeneza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo la mjukuu nalitangaza mtaa mzima.

Siku moja natafuta picha za khanga, ukurasa ukageuka mwekundu: kivinjari chako kimezeeka, bonyeza hapa upate kipya.

Shoga yangu wa duka la jirani akaruka. “Bonyeza, shoga! Wezi wataingia, oda za wateja zipotee zote!”

“Sibonyezi. Mwenye duka havuti watu mikono barabarani.”

“Mbishi wewe! Utakuja kunililia.”

Nikampigia mjukuu.

“Shikamoo bibi. Usiguse! Toleo jipya huwa linakuja ndani ya kivinjari chenyewe, halipiti kwenye kurasa za watu. Hao ndio wezi.”

Shoga hakuridhika. “Ukurasa unasema dakika zinaisha!” Akainyakua mausi. Nikamchapa mkono.

“Sibonyezi. Mwenye duka havuti watu mikono barabarani.”