Mshauri wa Shule na Redio za Kanyere

Usiku ule nilitoka nje mara tano kusikiliza kama motoka ya Mahagi imefika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Djugu, na ndani ya motoka ile alikuwemo Mwalimu Udaga, mshauri wa shule, aliyekuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Asubuhi, saa mbili, walimu wangekaa kwa prefe, mkuu wa shule, waandike kwa biki, kalamu isiyofutika, kila mtoto wa mwaka wa pili anakwenda seksio gani, yaani tawi gani la masomo. Mbele ya jina la binti yangu Kanyere palikuwa pameandikwa kwa kreyo, penseli tu: Kushona. Udaga peke yake ndiye aliyeweza kufuta. Na kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Jirani yangu Pétronille alichungulia juu ya ua.

"Mama Kanyere, siye wote tunalala, weye uko unalinda barabara kama askari wa bariere!"

"Bwana yako hajasikia motoka?"

"Bwana yangu anasikia njaa yake tu. Ingia ulale, mama."

Niliingia, lakini sikulala.

Huyo Udaga kanisani tulimjua kwa jina la Adrien. Miaka ile serikali ilikataza majina ya ubatizo shuleni, ikataka watu waitane Citoyen, raia, na hata Kanyere wangu aliitwa Hortense jikoni tu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye baiskeli isiyo na kengele. Akitaka watu wapishe njia, alikohoa. Wazazi wengi walimwogopa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema mtoto huyu atasomea ualimu, yule biashara, yule sayansi, na neno lake lilifuata mtoto maisha yote. Darasani aliwapa watoto mitihani ya michoro na maumbo, akaandika kwa kreyo. Halafu, bila kutoa taarifa, alizunguka nyumba kwa nyumba kuona mtoto anafanya nini akiwa kwao. Ndipo jibu lilipokuwa tayari kwa biki.

Kwa Mama Adèle, kule mtaa wa Lumumba, alimkuta Firmin, ambaye walimu walimwita kichwa kizito. Kijana alikuwa anamsomea babu yake kipofu barua. Barua iliandikwa kwa Kifaransa, lakini Firmin aliitoa mdomoni kwa Kialuri moja kwa moja, bila kusimama. Udaga alikaa mlangoni mpaka barua ikaisha, akaenda zake hata maji hakunywa. Firmin akapelekwa Latin-Philo, seksio ya Kilatini na falsafa, na prefe alilalamika wiki nzima.

Habari hiyo niliijua. Kwa hiyo Pétronille aliponijia mbio, "Mushauri iko kwa jirani Vahwere, anakuja kwako sasa hivi!", nilijua atakuja kutazama. Nikafanya kitu cha ujinga.

Meza yetu ilikuwa imejaa redio. Kanyere alianza na redio ya baba yake, Paluku, iliyonyamaza baada ya kuanguka majini kule Kasenyi anakonunua samaki. Aliifungua kwa kisu, akaikausha, akaifunga, ikasema. Tangu siku hiyo watu wa mtaa wetu wa Saio walimletea zao. Alichomeka msumari kwenye makaa, akayeyusha risasi, akagandisha nyaya. Mimi niliona haya. Wanawake sokoni waliniuliza kama nina mtoto wa kike au fundi. Nikawaza: mshauri akikuta hivi, ataandika kwamba nyumba hii haina adabu, mama hajui kulea.

Basi nilikusanya redio zote nikazitia ndani ya gunia, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikamkalisha Kanyere kwenye kiti, nikamwekea mapajani kitambaa cha altare nilichokuwa nashona mimi mwenyewe.

"Mama, kwa nini?"

"Nyamaza. Shika sindano."

Udaga aliingia, akasalimu, akakaa. Alinusa.

"Nini iko inanukia hivi?"

"Chungu iliungua, Citoyen."

Akatazama kitambaa. "Ni weye unashona hii, Kanyere?"

"Ni yeye," nilijibu. "Tangu mudogo. Anapenda sana."

"Na hesabu? Mtihani wangu wa maumbo aliumaliza kabla ya wavulana wote."

"Hesabu ni ya kupita darasa tu. Mutoto wa kike, Citoyen, unajua mwenyewe."

Alinitazama kidogo. Akasema kwamba yeye, alipokuwa kijana, hakuna aliyemuuliza anataka kusomea nini. Mapadri walimpeleka ualimu kwa sababu alikuwa mrefu na mkono wake ulifika kamba ya kengele. Alitaka kuchora ramani. Mpaka leo, alisema, akipanda baiskeli anapima mlima kwa jicho. Nilicheka kwa heshima, sikuelewa kwamba alikuwa ananifungulia njia ya kusema kweli. Kanyere aliinamisha kichwa. Udaga akatoa kreyo.

Wiki iliyofuata Kanyere alileta karatasi ya kutiwa sahihi na mzazi. Niliisoma pole pole kwa kidole. Mimi niliishia mwaka wa nne wa primere, shule ya msingi, lakini neno Kushona nililielewa vizuri. Nilitia sahihi. Jioni ileile mtoto aliburuta gunia kutoka chini ya kitanda, akarudisha kila redio kwa mwenyewe bila kutengeneza. Hakulia, hakunitukana. Mtu alipouliza, alijibu, "Mimi niko wa kushona." Alisema hivyo siku kumi na mbili. Mimi ni mtu wa kutazama, nilizihesabu. Siku ya kumi na tatu nikaenda shuleni kusema ukweli, nikaambiwa mshauri yuko matanga Mahagi, na baraza la walimu ni kesho.

Alfajiri bwana wa Pétronille alipiga kelele nje: motoka imefika, imejaa tope mpaka madirisha. Nilimwamsha Kanyere. Hatukupitia hata kwa mshauri nyumbani. Tulimngoja mbele ya biro, ofisi yake. Alikuja na nguo za safari, macho mekundu.

"Citoyen, nilikudanganya," nilisema kabla ya salamu. "Kitambaa kilikuwa changu. Ile harufu haikuwa chungu, ilikuwa risasi. Huyu mutoto anatengeneza redio. Anafungua na kufunga, na zinasema. Anataka…"

"Mama."

"…anataka hesabu na fizikia, yeye…"

"Mama! Uko unamujibia tena." Udaga alifungua biro. "Kanyere, ingia. Weye mama, kaa pale kwenye benchi."

Akafunga mlango.

Nilikaa. Sijui kama umewahi kukaa nje wakati mtoto wako anaulizwa mambo ya maisha yake. Miguu yangu ilitaka kusimama. Nilisikia sauti ya Kanyere, haraka haraka, maneno mengi kuliko aliyonipa mwezi mzima, lakini sikuyashika. Mara moja alinyamaza muda mrefu. Nikainuka, mkono wangu ukafika mlangoni. Nilitaka kumjibia. Nikaurudisha mkono, nikaufunga ndani ya kitenge, nikarudi kukaa.

Saa mbili kasoro Udaga alitoka na karatasi, akapita mbele yangu, akaingia kwa prefe pamoja na walimu wengine. Kanyere alikuja kukaa benchi upande wa pili. Kutoka ndani tulisikia prefe: "Wasichana hakuna katika Math-Physique! Benchi zimejaa!" Halafu sauti ya Udaga, chini, haikupanda hata mara moja. Jua lilifika kwenye vidole vya miguu yangu.

"Ukirudishwa kwenye kushona," nilimwambia, "nitakwenda kwa prefe mwenyewe."

"Hapana, mama. Nitakwenda mimi."

Mlango ulifunguka. Udaga alisimama kizingitini, mimi hakunitazama.

"Kanyere, umeingia. Mpaka Noeli. Hesabu ikikushinda, unarudi kushona, na prefe atanicheka mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Citoyen."

Kanyere akainuka, akampita, akaingia ndani kutia sahihi yake mwenyewe.