Njuga ya Waseme

Mwaka ule wa themanini na saba, pale Kimuli, ukitaka mbwa wa maana ulikwenda kwa Kantengwa. Siyo mbwa wa kulala jikoni na kubwekea vivuli, la hasha! Mbwa wa kumtoa nguruwe pori kwenye mahindi na kumkimbiza mpaka asahau alikotoka. Mbegu ile aliiacha marehemu mumewe. Jike mmoja ndiye aliyebaki, jina lake Waseme, na marehemu alimpa jina hilo makusudi ili kila akimwita, majirani wenye midomo wapate ujumbe wao. Kantengwa alikuwa mjane, wazazi wake walitoka Rwanda, na shamba lake lilikuwa dogo. Bila mbwa wale, nani angemjua? Watu walivuka vilima kuja kuomba mtoto wa Waseme.

Katika uzao wa kwanza wa Waseme, Kantengwa aligawa watoto wawili, akabaki na dume mmoja aliyemwita Tutaona. Alipotimiza miaka mitatu, Tutaona akaanza mambo. Asubuhi moja alijigonga kwenye mti ulioegemeza mgomba, mti ukateguka, mgomba ukaenda chini na mkungu wake mchanga. Kantengwa alitaka kumchapa. Alipomshika kichwa akaona mboni zimetanuka, zinang'aa, na hazifuati kidole. Mbwa haoni.

Akamfuata bwana mifugo, Melkiory, kijana wa Muleba mwenye baiskeli na maneno machache.

"Inaweza kuwa chakula, mama," Melkiory alisema. "Inaweza kuwa nyoka amemtemea. Inaweza pia kuwa ya damu, amerithi kwa wazazi. Mimi hapa sina chombo cha kunionyesha."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama."

Jibu hilo lilimpendeza, maana wengine wote walikuwa wanajua! Shemeji yake Fidele, mdogo wa marehemu, alijua kabisa kwamba ni husuda za watu. Kantengwa akawaza peke yake. Tutaona anakula kwangu, ndugu zake wanakula kwa wenyewe. Kama ni chakula au nyoka, basi ni huyu tu. Kama ni damu, lazima nikawaone wale. Akafunga viazi kwenye kanga, akashika njia ya Isingiro, alikokwenda mmoja wao.

"Mbwa wako?" mzee Rwegoshora alimpokea kwa kicheko. "Juzi tu katoka kuwinda!"

Na kweli, mbwa alipita uani nyuma ya wenzake watatu, njuga za shingoni zikilia, akakwepa majamvi ya kahawa bila kukosea hatua. Kantengwa nusura apige vigelegele. Aliaga, akafika barabarani, kisha akasimama ghafla. Mbona hata Tutaona hutembea vizuri akiwa nyuma ya mama yake? Na asubuhi ile alipoangusha mgomba, njuga ya Waseme si ilikuwa ndani, inasubiri kamba mpya? Akageuka mbio.

"Mzee, nisamehe. Naomba nizizibe njuga za mbwa wako wote."

Rwegoshora alishangaa, lakini wapo wawindaji wanaozijaza njuga majani wakiwa njiani ili mnyama asisikie, kwa hiyo hakuona ubaya. Wakazijaza majani makavu ya mgomba. Uwanja ukawa kimya. Yule mbwa akasimama, pua juu. Rwegoshora alipomwita, alikuja moja kwa moja, akaivaa baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

"Ala! Tangu lini?" mzee aliuliza.

Hakuna aliyejua. Wote walikuwa wakiwasikia mbwa wao, wakadhani wanawaona.

Wa tatu alikuwa Bweranyange, kwa Therese, rafiki yake wa kwaya. Kantengwa aliziba njuga ya mbwa huyo, akamrushia mfupa kimya kimya, na mbwa akaudaka hewani! Wawili vipofu, mmoja anaona. Sasa nini? Melkiory alipoulizwa alikuna kichwa. "Damu wakati mwingine huchagua, mama. Hata huyo anayeona anaweza kuwa ameibeba. Lakini siwezi kukuapia."

Kabla mwezi haujaisha, Waseme akaingia kwenye joto. Fidele akaja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na dume lake kwa kamba.

"Hapana, shemeji," Kantengwa alisema mlangoni. "Waseme nimemfungia jikoni. Hazai tena. Na Therese nimemwomba asimzalishe wake."

"Umerogwa? Wa Therese anaona! Unaua mbegu ya kaka yangu kwa jambo usilolijua?"

Maneno hayo yalimchoma. Usiku wa msiba wa mumewe, mbwa wale ndio waliolala mlangoni pake.

"Silijui, kweli," alisema. "Ndiyo maana simpi mtu. Mtu atamwamini mbwa wangu kwenye shamba lake, atamlea miaka mitatu, kisha aje aniulize. Nimjibu nini? Kama nimekosea, kosa ni langu, nitalibeba. Kunywa rubisi yako, mbwa mrudishe."

Fidele akaondoka akiitangazia njia nzima kwamba mjane wa kaka yake amechanganyikiwa.

Ila Waseme akiwa ndani, Tutaona hakuwa na wa kumfuata. Alikaa uani anatetemeka, hathubutu hatua. Kantengwa akamtazama, akaingia jikoni, akamvua Waseme njuga, akaifunga kiunoni mwake mwenyewe juu ya kanga. Akachukua jembe, akaelekea shambani akiliza njuga kila hatua. Tutaona akainua masikio, akamfuata pua kwenye kisigino, wakapita kati ya migomba bila kugusa hata mti mmoja.

Waliokuwa kisimani waliacha ndoo zao. "Jamani, Kantengwa kawa mbwa!" mmoja alipaza sauti, wakaangua kicheko.

"Waseme!" Kantengwa alijibu bila kugeuka, na kule jikoni mbwa akabweka.