Tembe Nyeupe za Mzee Awadhi

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa imechanganyika na bizari, hujiona nimesimama dukani kwa Mzee Awadhi, pale Bondeni, miaka ile ya arubaini, nikikodolea macho mitungi yake ya kioo. Mmoja ulikuwa na peremende, mwengine karafuu, na mwengine tembe nyeupe. Ukisema homa, ulipewa hizo. Ukisema tumbo, ulipewa hizo hizo.

Siku moja mdogo wangu Salimu, aliyekuwa bado ananyonya, alishikwa na homa nikatumwa dawa. Mama alisaga tembe moja akamnywesha. Salimu akalala, akalala hata titi halitaki. Ukimwinua mkono, unaanguka. Adhuhuri haijaadhiniwa, akaingia Bi Zuhura, mkewe Mzee Awadhi, buibui limemteleza, anahema.

"Usimpe tena," alimwambia mama. "Bwana amechanganya mabaki ya chupa mbili. Nyengine ni za usingizi."

Nilingojea mama amfukuze. Badala yake wakakaa pamoja, wakawa wanampangusa Salimu kwa maji baridi na kumwita jina kwa zamu, mpaka jioni alipofumbua macho akalia. Mama naye akalia. Sikuelewa. Mtoto kaamka, kilio cha nini tena?

Kesho yake, baada ya alasiri, wanawake wa mtaani walijaa ukumbini kwetu. Nilidhani wanapanga ugomvi, lakini mbona wakinong'ona kama wako matangani? Kisha wakatoka wote hadi dukani, nami nimeshika buibui la mama. Aliyesema kwanza alikuwa Bi Zuhura.

"Bwana, dawa zikae katika chupa zake, zenye maandishi yake. Na mtoto asiuziwe."

"Wewe nawe u pamoja nao?"

"Mimi ni pamoja nao."

Mzee Awadhi alimtazama sana. Halafu akauchukua mtungi wa tembe, akaenda kuumwaga chooni. Aliporudi, mama akaomba sukari kama siku zote, naye akampimia. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Baadaye bibi yangu aliumwa na kichwa, nikakimbilia dukani kama nilivyozoea.

"Mwambie mamako aje mwenyewe," Mzee Awadhi akanijibu, wala hakunitazama.

Nilirudi nikilia kwamba Mzee Awadhi ametuchukia. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, akavaa buibui akaenda.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto wangu, ndipo siku moja nilipomfikiria Bi Zuhura. Jioni ile sisi tulirudi kwetu na sukari yetu. Yeye alibaki pale pale, na mume aliyemkabili mbele ya mtaa mzima, na mlango ukafungwa. Waliyoambiana humo ndani hakuna aliyeyajua, wala mimi sikuwahi kumuuliza.