Nafaka Iliyotaka Baridi

Mwaka ule wa kwanza wa korona mama yangu aliacha kuinuka. Kanisa lilifungwa, wageni wakapigwa marufuku, naye akajilaza chumbani, nyumbani kwetu Minto, huku ugenini kusini mwa dunia ambako baridi huja Juni hadi Agosti, amegeukia ukuta.

"Baridi ingine ya huku sitaivuka, papa," aliniambia.

Papa ni mimi. Ndivyo akina mama wa Kivu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa siwezi kukaa chini.

Kwenye ghala la mbegu nilikofanya kazi, Seven Hills, gunia la tritikali lilipasuka. Ni chotara wa ngano na nafaka iitwayo rai, huvumilia udongo mbaya, na mara nyingi hulishwa ng'ombe. Msimamizi aliniruhusu nizoe zilizomwagika. Mama alilima ngano milimani kwetu miaka na miaka; nikaona mbegu hizi zitamwinua. Gunia lilisema ni aina ya majira ya baridi. Kama inavumilia baridi, nikajiambia, kwenye joto si itacheza ngoma! Nikangoja baridi iishe, nikapanda Septemba nyuma ya nyumba.

Mama akainuka kweli. Kila asubuhi aliketi mlangoni kuitazama. Nami kila asubuhi, kabla ya kukimbilia treni, nilipasua chipukizi moja kutafuta suke. Oktoba, Novemba, Desemba: majani tu, mengi, yametandaa chini.

"Hii ngano yako inazala lini?"

"Bado kidogo, mama."

"Muvumilivu anakula mbivu."

Methali hiyo aliitunga mtu asiyenijua. Januari mama akarudi kitandani.

Nilipomuuliza msimamizi, alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Hiyo hupandwa Aprili, baridi ikikaribia, akasema. Isipopigwa na baridi wiki kadhaa, haitoi suke abadan.

Nilimweleza mama kwa aibu. Akageuka kutoka ukutani.

"Mbegu zilibakia?" akauliza.

Aprili alipanda mwenyewe. Julai tukafungiwa tena, na asubuhi moja nikakuta kitanda chake kitupu. Nikatoka mbio bila viatu. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Mama alikuwa amechuchumaa katikati ya majani yake, blanketi kichwani, anayapapasa.

"Mama, ingia ndani, utaugua!"

"Rudia mu nyumba, papa," alisema bila kugeuka. "Tuache tupigwe baridi kwanza. Masuke tutatoa."